Moto Ndani ya Kinywa

"Basi nenda! Na ukipanda basi mwambie na kondakta, asikose habari, kwamba mkwe wa Gavaramma ana ugonjwa mdomoni!"

"Kondakta hakuniita, mama. Aliyeniita ni daktari."

"Leo? Katika siku zote hizi, uchague leo?"

"Sikuchagua mimi. Yule daktari yupo Alhamisi tu. Alhamisi iliyopita nilikuwa na zamu kiwandani. Ya kabla yake ulishikwa na mgongo, nikabaki kukukanda. Leo sina wa kumkanda."

Gavaramma alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, akisokota tumbaku juu ya paja lake kama alivyosokota kila asubuhi kwa miaka hamsini. Hakuinua macho. Vidole vyake vililikunja jani, vikalibana, vikalifunga kwa uzi mweupe.

"Kuhani wa hekalu ameitaja saa tatu ya leo kuwa saa njema ya mjukuu wangu," alisema. "Watu wametoka kwao alfajiri. Wanakuja kumwona bibi harusi. Mama yake yuko wapi? Yuko hospitali, amepanua mdomo. Wataondoka hata chai hawajainywa."

"Kwa hiyo nife ili wao wanywe chai."

"Hakuna anayekufa kwa doa! Mimi huu moto nimeanza kuuweka mdomoni kabla sijavunja ungo. Mdomo wangu huu hapa, bado unaongea."

"Hilo nimeliona," Nilaveni alisema. "Haujanyamaza tangu jogoo wa kwanza."

Jikoni, Varalu, binti yake Nilaveni, alicheka, kisha akajidai anakohoa.

Nilaveni alitua sufuria ya maziwa kwa kishindo, yakaruka na kumwagika mekoni. Hasira yake haikuwa ya asubuhi hiyo peke yake. Ilikuwa na wiki tatu, tangu siku daktari wa meno alipokuja kiwandani na taa yake ya kichwani, wabanguaji korosho arobaini wakaketishwa kwenye madawati ya watoto wa shule, wakisukumana na kuchekana. "Anatuhesabu meno kama ng'ombe," mmoja alisema, na wote wakaangua kicheko, Nilaveni naye akiwamo. Zamu yake ilipofika, daktari, msichana mdogo tu ambaye angeweza kuwa bintiye, aliacha kuzungumza. Akampa kioo kidogo cha mpini.

Nani huangalia kaakaa lake? Miaka thelathini na tisa Nilaveni alikuwa hajaliona. Aliloliona lilimfanya afikirie ukuta uliopakwa chokaa kabla haujakauka, mweupe, mzito, wenye nyufa, na juu ya weupe ule vidoa vyekundu kama vya ncha ya sindano. Huko nyuma, karibu na koo, palikuwa na sehemu nyekundu kabisa kama nyama mbichi, ukubwa wa nusu ya korosho.

"Umevuta miaka mingapi?" daktari aliuliza.

"Ishirini na minne."

"Moto ndani?"

"Ndani. Utauweka nje vipi na korosho ziko mbele yako?"

Alisema hivyo kwa sababu hivyo ndivyo kazi ilivyo. Majivu yakidondoka kwenye beseni la korosho nyeupe, msimamizi anamwaga beseni zima, na siku yako imekwisha. Wanaume huvuta nje uani, wamesimama, moto umeelekea mbele. Mwanamke anaugeuza msokoto, moto unaingia mdomoni, midomo inafunga, majivu yanabaki humohumo, na mikono yake inaendelea kubangua. Upepo hauuzimi. Moshi hauonekani. Anaweza kunyonyesha mtoto na msokoto uko mdomoni, asimchome. Mama yake alifanya hivyo, na mama mkwe wake vilevile.

"Sikiliza, mama," daktari alisema. "Hii bado si saratani. Ukiacha tumbaku leo, huu weupe unaweza kurudi nyuma. Usipoacha, unaweza kugeuka. Lakini hapa pekundu sitaki kupakisia. Njoo hospitali ya mjini, Alhamisi, kabla ya saa saba. Tutakata kipande kidogo tukipime. Usikawie."

Nilaveni alirudi nyumbani, akamweleza mama mkwe wake. Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo kila akilikumbuka alitaka kujizaba kofi. Gavaramma alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kidonda cha mdomoni dawa yake ni moto. Moto hukausha. Usiuweke kwenye ulimi, uinue, uubandike karibu na kaakaa, uvute taratibu. Na Nilaveni, mwanamke anayeweza kusoma gazeti toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, alifanya hivyo. Siku tisa. Asubuhi na jioni alijichoma mahali palepale daktari alipomwambia pana hatari. Siku ya kumi alionja wali na achari ya limau, machozi yakamtoka. Siku ya kumi na moja hata chumvi ilimchoma. Akautupa msokoto kwenye mtaro na hakuugusa tena. Tangu hapo alikula wali kwa mtindi kama mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, alilala vibaya, na kila mtu pale nyumbani alimwudhi.

Mumewe, Tavitaya, aliingia akiwa amebeba viti vinne vya plastiki vya jirani, viwili kila mkono. Aliwatazama wote wawili na kutamani kutoka tena.

"Baba Varalu," Nilaveni alisema, "mwambie mama yako."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba naenda hospitali."

Tavitaya alivipanga viti polepole kuliko ilivyohitajika. "Nilaveni, si kwamba usiende. Utakwenda. Alhamisi ijayo nitakupeleka mwenyewe."

"Alhamisi ijayo tutakwenda kununua sari. Inayofuata, kadi. Halafu harusi. Halafu utasema tungoje apate mimba kwanza tusimwaibishe kwa wakwe zake. Nikishaoza taya mtanipeleka na machela."

"Unamkumbuka yule mama wa mtaa wa wafinyanzi?" mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Aliyekatwa taya. Mabinti zake wawili wako nyumbani mpaka leo. Watu wanasema ni ugonjwa wa ukoo. Mimi sisemi hivyo. Watu wanasema. Unataka wamseme na Varalu?"

Hilo lilimpata. Lilimpata kwa sababu lilikuwa kweli. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sari ya hariri ya kuazima, asumini kichwani, anatafuna iliki. Siku hizi msichana huyu alitafuna iliki toka asubuhi hadi usiku. Nilaveni alidhani ni ulimbwende.

"Mama, nenda," Varalu alisema. "Mimi nitawakaribisha wageni mwenyewe."

"Nyamaza wewe," bibi yake alisema. "Bibi harusi hatoi kauli. Kaa, inama, wakuone."

"Wanione utosi?"

"Wakuone adabu."

Nilaveni alifuta mikono kwenye upindo wa sari. Saa moja na nusu. Mpaka mjini ni mwendo wa saa moja. Kama wageni wangekuja saa tatu na kuondoka saa nne, angewahi. Kama wangekaa mpaka chakula, asingewahi. Alijua wangekaa mpaka chakula.

"Haya," alisema. "Nabaki. Lakini mtu yeyote asiniambie neno leo."

"Nani atakuambia neno," Gavaramma alisema, "na sura hiyo?"

Wageni walifika watatu: mama wa kijana, baba yake, na kijana mwenyewe, Jogarao, fundi wa kreni bandarini, shati limenyooka kama karatasi. Mama, Mutyalamma, ndiye aliyekuwa msafara wenyewe. Alikuwa mwanamke mpana, midomo imemkolea weusi, bangili hadi kwenye viwiko. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, kiti kikalia, akacheka mwenyewe kabla ya mtu kumcheka.

"Mna viti vya uoga hapa," alisema.

Nilaveni alileta ladu, ndizi, sinia ya tambuu. Alitabasamu mdomo umefungwa. Varalu alikuja na chai, akainama, akawagusa wazee miguu. Mutyalamma alimuuliza kama anajua kupika samaki wa ukwaju. Anajua. Amesoma mpaka wapi? Amemaliza chuo mwaka huu, hesabu za biashara. Anaogopa kuishi mjini? Haogopi. Jogarao aliitazama chai yake muda wote kama aliyeambiwa atatahiniwa juu yake.

Mambo yalikwenda vizuri. Yalikwenda vizuri mno, na Nilaveni alikuwa akiisikia saa ya ukutani ikigonga ndani ya fuvu lake.

"Sasa onja kitu changu," Gavaramma alimwambia mgeni, akamnyooshea msokoto mmoja katika ile ya asubuhi. "Jani la mwaka jana. Nimelilaza kwenye sukari guru."

Mutyalamma aliunusa, akafumba macho. "Ah! Hili ni jani la watu." Kisha akampa Varalu. "Mkwe wangu mtarajiwa, hebu niwashie. Yule mke wa mwanangu mkubwa ni wa mjini, hata kiberiti anakishika kama nyoka. Akiniwashia ananikoholea usoni. Nataka nione mikono yako."

Varalu alisita. Alimtazama mama yake mara moja, haraka, akaondoa macho.

Nilaveni hakuona ubaya. Aliwaza: ataubandika kwenye kaa la moto mekoni, ataupuliza, ataleta.

Varalu alichutama mekoni, mgongo umewaelekea, lakini mlango ulikuwa wazi na Nilaveni alikuwa amesimama ubavuni. Aliona yote. Binti yake aliwasha ncha, akavuta mara mbili mpaka ikawaka nyekundu. Kisha, kwa vidole viwili, akaugeuza. Moto ukaingia mdomoni. Midomo ikafunga kuuzunguka msokoto bila kuugusa moto, mashavu yakabonyea, yakajaa, yakabonyea. Uzi mwembamba wa moshi ukatoka puani. Hakukohoa. Hakufumba jicho. Alivuta mara tatu, akautoa, akatema majivu jivuni, akaufuta kwa upindo, akaupeleka kwa mikono miwili.

Mutyalamma akapiga makofi, bangili zote zikalia. "Huyu ndiye! Huyu ndiye! Baba Jogarao, umeona?"

Nilaveni alikuwa ameona. Yeye alijifunza akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, na kwa mwaka mzima alitembea na malengelenge kwenye ulimi. Hakuna anayefanya hivyo mara ya kwanza. Hakuna anayefanya hivyo mara ya mia. Ile ilikuwa kazi ya miaka.

Na miaka yenyewe ikamjia yote kwa pamoja. "Varalu, niwashie." Jioni baada ya jioni, amerudi kiwandani, mikono imejaa mafuta meusi ya maganda yanayobabua ngozi, hawezi kushika kitu. "Varalu, niwashie, mwanangu." Mtoto wa miaka sita. Saba. Nane. Anakimbia jikoni, anarudi na msokoto unaowaka, anasifiwa. Hakuwahi kuuliza mtoto anauwashaje.

"Varalu," alisema. "Njoo hapa."

"Mama, kuna wageni."

"Nawaona. Njoo hapa mlangoni, penye mwanga."

Varalu alikuja. Nilaveni alimshika kidevu.

"Fungua mdomo."

"Mama, tafadhali—"

"Fungua."

Alifungua. Harufu ya iliki ilitoka kwanza, na nyuma yake harufu ambayo Nilaveni aliijua kama harufu ya mto wake wa kulalia. Aliinamisha kichwa cha binti nyuma mpaka jua likaingia. Kaakaa halikuwa jeupe kama lake. Lilikuwa la kijivu, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa, na juu ya utando ule vidoa vyekundu, vichache, vimetawanyika kama palipoumwa na mbu. Hapakuwa na nyama mbichi, alitafuta mpaka nyuma, hapakuwa nayo.

"Tangu lini?"

Varalu alifunga mdomo. "Darasa la nane. Jino liliniuma. Bibi akasema nishikilie moshi upande ule."

"Na jino halikupona?" Gavaramma alidakia kutoka kitini.

"Lilipona, bibi."

"Basi! Kelele za nini?"

"Miaka sita!" Nilaveni alisema. "Miaka sita unampa mtoto moto chini ya paa langu, na mimi nakukanda mgongo!"

"Nimempa alichonipa mama yangu. Nimempa ulichokuwa unakivuta wewe mbele yake kila siku. Usijifanye umeshuka leo kutoka mbinguni."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Tavitaya aliwahi kabla mkewe hajajibu. "Nilaveni, yaache. Wageni."

"Mama gani," Mutyalamma alisema, msokoto uko mkononi unafuka, "anampanua binti yake mdomo mbele za watu kama ng'ombe mnadani? Tumekuja kuposa, hatukuja kununua."

"Mama aliyechelewa kumpanua," Nilaveni alisema. "Kama ningempanua darasa la nane, leo ningekaa na wewe hapo nikachekea kiti." Akasogea mbele ya mgeni. "Na kwa kuwa umekuja kuona familia, ione yote. Jumba halinunuliwi kwa kutazama ukumbi."

"Nilaveni!" mumewe aliita.

Alipanua mdomo wake. Aliinama mpaka jua la mlangoni likamwingia, sentimita chache kutoka kwenye uso wa yule mwanamke, akakaa hivyo. Mutyalamma hakutaka kutazama. Alitazama. Na alipotazama, mdomo wake mwenyewe ulifungika, na chini ya shavu ulimi wake ukaonekana ukipanda taratibu, ukipapasa juu, ukienda nyuma, ukarudi, ukaenda tena.

"Daktari anasema bado si saratani," Nilaveni alisema, akifuta mate. "Anasema inaweza kuwa. Anataka akate kipande leo kabla ya saa saba. Mimi nilibaki nikuletee ladu."

"Maskini," Jogarao alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza, na mama yake alimkata jicho.

"Maskini nini? Tumefichwa! Watu hawa wametuficha!"

"Tumekuficha, ndiyo," Nilaveni alisema. "Sasa hatukufichi. Mnataka binti, mtamkuta akishapimwa. Hamtaki, njia mnaijua."

"Umeiua posa," Gavaramma alisema. Macho yake yalikuwa kwa Varalu. "Umeiua kwa mdomo wako mwenyewe. Nani atamchukua?"

"Nimeiua. Sawa. Iandike kwa jina langu." Akageuka. "Varalu, vaa viatu."

Binti alijitazama: hariri, bangili, asumini. "Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Na mimi watanikata?"

"Sijui. Watatazama. Wakitaka kukata, nitakuwa nimekushika mkono, na nitakuwa nimeshakatwa kabla yako, nitakwambia kama inauma."

Varalu alimtazama bibi yake, akamtazama kijana wa kreni, aliyekuwa ameisahau chai. Akavua bangili za kuazima, moja moja, akaziweka kwenye sinia ya tambuu. Akavaa viatu vya plastiki vya kwendea kisimani.

Tavitaya alisimama mlangoni. Hakuwa anazuia hasa. Alikuwa amesimama tu mahali ambapo mtu angepaswa kupita. "Nitawaambia nini hawa?"

"Waambie wale. Wali uko tayari, samaki yuko kwenye chungu." Alimsogeza kwa bega. "Na wewe, Baba Varalu, ukimaliza kuwaomba radhi, utufuate. Watataka mtu wa kutia sahihi."

Nje, bajaji iliyowaleta wageni ilikuwa imeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta, dereva amelala na miguu juu ya usukani. Nilaveni aliipiga bodi kwa kiganja. Mtu yule aliruka.

"Stendi ya mabasi. Haraka."

"Mama, hii imekodiwa na wageni, mpaka jioni."

"Wageni wanakula. Utarudi kabla hawajanawa." Alikwishamsukuma Varalu ndani, naye akapanda nyuma yake, akavuta sari isinase kwenye gurudumu. Kutoka ndani ya nyumba sauti ya Mutyalamma ilipanda, ya Gavaramma ikapanda juu yake. "Unangoja nini? Washa!"

Dereva alimtazama, akamtazama binti mwenye maua kichwani, akawasha.